Muda Unapotelea Wapi: Kulipasua Sanduku la Dungeons & Dragons la 2014

Julai 2014 kampuni ya Wizards of the Coast ilitoa sanduku la wanaoanza la Dungeons & Dragons. Ndani mlikuwa na kijitabu cha kanuni chenye kurasa 32, kisa cha kurasa 64 kiitwacho Lost Mine of Phandelver, dadu sita, na karatasi za wahusika watano waliokwisha kuandaliwa. Kitabu kikubwa cha wachezaji kilitoka mwezi uliofuata, na ndicho kinachosifiwa zaidi. Lakini anayetaka kujua jinsi mchezo wa aina hii unavyoweza kwenda haraka bila kupoteza ladha, alifungue lile sanduku jembamba kwanza.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe: watu wanne au watano huketi mezani, kila mmoja akibeba mhusika mmoja. Mwingine ni msimamizi. Huyu hueleza wanachokiona, huwasemea maadui na wapita njia, na huamua mambo. Penye shaka, dadu huamua. Ndivyo ilivyo tangu Gary Gygax na Dave Arneson walipouchapisha mwaka 1974. Na malalamiko ya wageni wa mchezo huu yanafanana: wamekaa saa tatu nzima, na kilichofanyika ni pambano moja dogo.

Tupige hesabu. Wachezaji wanne wanapambana na maadui wanne, zamu nane kwa kila raundi. Zamu moja ikichukua dakika mbili, raundi inakula dakika 16, na pambano la raundi tatu linakula dakika 48. Ukizifikisha zamu kwenye dakika moja, umerudishiwa dakika 24 bila kumkatiza mtu yeyote usemi. Kurusha dadu hakuchukui hata sekunde tano. Dakika zinakwenda kwenye kuchagua, kujumlisha, kubishana na kufunua kurasa. Waliotengeneza sanduku lile walilijua hilo, na walishughulika na kila kimoja kwa namna yake.

Walianza na kuchagua. Kuunda mhusika kwa kitabu kikubwa ni kazi: asili yake, fani yake, alikotoka, ustadi wake, silaha, na kama ni mchawi, orodha ya viini macho vyake. Meza ya watu wapya inaweza kumaliza jioni nzima hapo, kila mmoja akichagua vitu ambavyo hajawahi kuona vikifanya kazi. Sanduku linakupa wapiganaji wawili, kasisi mmoja, mchawi mmoja na mwizi mmoja, hesabu zao zote zimeshafanywa. Wapo wanaosema huko ni kumnyima mchezaji uhuru. Sikubaliani nao. Mtu asiyejua tofauti ya upinde na shoka la mikono miwili ndani ya mchezo hajanyimwa kitu akipewa kimojawapo. Uhuru wake utakuwa na maana mara ya pili, akishaonja.

Ufundi wenyewe, hata hivyo, umefichwa upande wa historia za wahusika. Kila karatasi ina sababu ya mtu huyo kwenda mji wa Phandalin. Kasisi ana undugu na Gundren Rockseeker, yule aliyewapa wachezaji kazi. Mwizi ana kisasi na genge la Redbrands linalousumbua mji. Kwa hiyo hakuna ile nusu saa ya kilabuni ambapo wageni watano wanatafuta sababu ya kufuatana. Kisa kinaanzia njiani, mkokoteni wa mizigo umeshapakiwa, na mbele yao farasi wawili wamelala wamekufa, miili imechomwa mishale.

Anayetaka kuunda mhusika wake mwenyewe naye ana njia ya mkato ndani ya kanuni. Badala ya kurusha dadu nne, kuitoa iliyo ndogo, na kurudia mara sita, anachukua 15, 14, 13, 12, 10 na 8 na kuzigawa kwenye sifa zake sita. Ni suala la dakika mbili, na hakuna anayebaki amenuna kwa sababu dadu zimempendelea jirani.

Sasa lile shambulio la njiani, maana ndilo mfano bora wa kazi hii. Vichakani wamejificha goblini wanne, viumbe wafupi wenye hila. Msimamizi anarusha dadu moja ya kujificha kwa niaba ya wote wanne. Tokeo hilo analilinganisha na namba iliyokwisha kuandikwa kwenye kila karatasi ya mchezaji: 10 kuongeza uhodari wake wa kutambua mambo. Namba hiyo haisubiri mtu aombe kuangalia. Hakuna mchezaji anayerusha, hakuna anayeuliza kama naye arushe. Kisha, kupanga nani anaanza, goblini wote wanashiriki dadu moja tena na kucheza zamu yao pamoja. Kazi ambayo ingekuwa na marusho zaidi ya kumi imekwisha kwa machache, na wanaosubiri hawajapata muda wa kutoa simu mfukoni.

Goblini wenyewe wana kinga ya 15 na uhai wa 7. Madhara ya upanga wao yameandikwa kwa namna mbili: 5, na pembeni yake dadu ya pande sita kuongeza 2. Msimamizi anaruhusiwa kutumia ile 5 moja kwa moja, ambayo ni wastani ulioteremshwa kidogo. Wengi huiona kama njia ya uvivu. Mimi naiona ni uamuzi wa kiufundi wenye matokeo mezani, na msimamizi mpya ayajue kabla ya kuutumia. Chukua mhusika dhaifu mwenye uhai wa 8. Dadu ikitoa 6, jumla ni 8, na mtu kaanguka kwa pigo moja kabla hajaijua hata karatasi yake. Kila pigo linalompata lina nafasi moja kati ya sita ya kumwangusha hivyo. Kwa 5 isiyobadilika, ukiacha yale mapigo ya kipekee ya dadu kutua kwenye 20, lazima apigwe mara mbili. Kwa hiyo wastani unaokoa muda na pia unampa mgeni nafuu. Kinachopotea ni ule mshtuko wa namba kubwa. Ushauri wangu ni kuutumia kwa maadui wadogo wanaokuja kwa kundi, na kurusha dadu kwa yule mkubwa wao.

Kuhusu kujumlisha na kubishana, toleo la 2014 lilikuja na kanuni ninayoiheshimu kuliko zote. Katika toleo la 2000, mazingira ya pambano yalileta nyongeza na makato: mbili kwa hili, nne kwa lile, na kila mtu akizikumbuka zinazomfaa yeye. Kanuni mpya ikasema: ukiwa na faida, rusha dadu mbili za pande 20 uchukue kubwa, ukiwa na kikwazo, chukua ndogo. Wastani wa dadu moja ni 10.5, wa kubwa kati ya mbili unakaribia 13.8. Uzuri wake lakini hauko kwenye hesabu. Faida hazirundikani. Ukiwa na sababu tatu za kupata faida, bado ni dadu mbili tu, na kikwazo kimoja kinafuta faida zote. Yule mchezaji mwenye maneno mengi, anayetaka kueleza kwamba yuko juu ya mwamba na adui amepigwa na jua machoni na tena ameshtukizwa, hana cha kugombea baada ya sababu ya kwanza kukubaliwa. (Kila meza ina mtu wa namna hii. Kama huoni wa kwenu, jikague.)

Mengine hayamo sandukuni bali yamo kwenye mazoea. Mchezaji arushe dadu ya shambulio na ya madhara kwa pamoja, za rangi mbili tofauti. Akikosa, ile ya pili inapuuzwa. Mwenye mchawi aviandike viini macho vyake kwenye vikaratasi, kimoja kimoja, asiwe mtu wa kufunua kitabu kila zamu. Na kila mtu aamue atakachofanya kabla zamu haijamfikia. Mchezaji wa bao huhesabu mashimo wakati mwenzake bado anagawa kete. Hapa pia ndivyo, na hali ikibadilika ghafla, anabadilisha uamuzi, haanzi upya. Msimamizi naye asipoikumbuka kanuni, aamue hapo hapo, aandike pembeni, waitafute baada ya mchezo. Ningeweka kighairi kimoja: kama uhai wa mhusika unategemea kanuni hiyo, fungueni kitabu.

Meza inayocheza kwa Kiswahili ina kazi ya ziada, kwa kuwa vitabu hivi vingi viko kwa Kiingereza. Kutafsiri papo hapo mbele ya watu watano kunakula muda kuliko kanuni yoyote. Kubalianeni mapema kuhusu maneno kumi na mawili hivi, ya sifa sita na ya vitendo vya kawaida vya pambano, yaandikwe juu ya kila karatasi.

Wapo waliokwenda mbali zaidi. Katika Apocalypse World, mchezo wa D. Vincent Baker na Meguey Baker wa mwaka 2010, msimamizi harushi dadu kabisa. Mchezaji akirusha vibaya, papo hapo msimamizi anapata nafasi ya kumletea matata, kwa hiyo upande mmoja wa marusho umeondolewa. Karatasi za wahusika nazo ni za kuweka alama tu.

Lakini si kila dakika inafaa kukatwa. Ndani ya pango la goblini, na anayetarajia kukicheza kisa hiki aishie hapa, yuko mmoja aitwaye Yeemik. Amemshikilia mateka Sildar Hallwinter, mlinzi wa Gundren, na badala ya kupigana anapendekeza biashara: wachezaji wamuue mkubwa wake Klarg, wamletee kichwa, naye amwachie mateka. Wasimamizi wengi wapya, wakiona saa imesonga, huligeuza tukio hili kuwa pambano la haraka. Ndipo wanapoharibu. Majadiliano na Yeemik yanaweza kuchukua dakika 20 bila dadu hata moja kuguswa, mwizi akitaka kumdanganya, kasisi akikataa kuua kwa kuagizwa, mpiganaji akihesabu hatua mpaka kwenye shingo ya mateka. Zile dakika 24 tulizozipata kule njiani zitumike hapa.