Kipimo, Kasi na Msomaji: Uhakiki wa Lugha ya Mwongozo wa Linux From Scratch

1.0 Utangulizi

Miongozo ya kiufundi haihakikiwi mara nyingi katika taaluma ya Kiswahili, ilhali hiyo ndiyo matini ambayo fundi hujifunzia kazi yake. Makala hii inahakiki Linux From Scratch, kitabu kilichoasisiwa na Gerard Beekmans mwaka 1999 na kinachosomwa bila malipo mtandaoni. Kitabu humwongoza msomaji kujenga mfumo endeshi kutoka kwenye msimbo chanzo: kwanza zana za muda, kisha, kwa kutumia zana hizo, mfumo mdogo wa msingi. Hoja inayotetewa ni kwamba kitabu kimefaulu kubuni istilahi ya kupima muda wa ujenzi. Lakini ujenzi unapoharakishwa, istilahi hiyo hulegea, na mwanagenzi ndiye anayebeba gharama.

2.0 Istilahi Iliyozaliwa na Kazi

Waandishi walikabiliwa na tatizo la wazi. Muda wa kujenga programu hutofautiana baina ya kompyuta na kompyuta, hivyo kutaja dakika hakumsaidii kila msomaji. Suluhisho lao ni SBU, yaani kipimo sanifu cha ujenzi. Muda ambao kompyuta ya msomaji hutumia kujenga Binutils, programu ya kwanza kitabuni, kwa kiini kimoja cha prosesa, ndio SBU 1. Muda huo ukiwa dakika 4, programu ya SBU 3 itachukua takriban dakika 12.

Fasili hii inafanana na dhiraa: mkono wa mpimaji ndio kipimo, na ingawa mikono hutofautiana, uwiano hubaki. Msomaji huipata maana kwa kutenda kabla ya kulitumia neno. Orodha nyingi za istilahi hazifikii ubora huo.

3.0 Kasi na Usomekaji

Prosesa za sasa zina viini vingi, na programu ya make inaweza kuvigawia kazi kwa wakati mmoja. Kitabu kinaikubali njia hiyo, na matoleo ya karibuni yanapendekeza kompyuta yenye viini 4 na kumbukumbu ya GB 8. Faida yake ni kubwa, hasa kwa GCC, kompaila ambayo hujengwa mara 3 na ambayo hatua yake ya mwisho, pamoja na majaribio, hula makumi ya SBU.

Hata hivyo, kitabu chenyewe kinakiri kwamba viini vingi vikitumika, thamani za SBU hupotoka zaidi, baadhi ya ujenzi hushindikana, na mistari ya ujumbe kutoka kazi mbalimbali huchanganyikana. Ushauri wake ni kurudi kwenye kiini kimoja ili kosa lisomeke.

Ushauri ni sahihi, ila umewekwa katika sura ya matayarisho, mbali na kurasa ambamo ujenzi hukwama. Kwa mhandisi mzoefu hilo ni dogo. Kwa mwanafunzi ambaye Kiingereza ni lugha yake ya tatu, na ambaye kompyuta yake ina viini 2 na kumbukumbu haba, ujumbe uliochanganyika haufundishi chochote. Kishawishi kinachofuata ni kuruka majaribio ili kuokoa muda, ilhali kitabu kinayahesabu majaribio ya GCC, Binutils na Glibc kuwa ya lazima.

4.0 Hitimisho

Wanaopanga sera ya kutafsiri miongozo ya aina hii wasiridhike na kusanifisha maneno. Mtafsiri aujenge mfumo mwenyewe, ajue ni hatua ipi hukwama, na aliweke onyo hapo hapo. Toleo la Kiswahili lianze na kiini kimoja, liidhinishe kasi baada ya msomaji kuuelewa ujumbe wa kosa, na litaje muda wa njia zote mbili. Mwanafunzi aliyeharakishwa bila kuelewa atapata mfumo unaofanya kazi, lakini siku utakapoharibika hatakuwa na lugha ya kuuliza umeharibika wapi.