Mchezo Usio na Ncha

Wahenga walinena kwamba hakuna refu lisilo na ncha. Methali hii yafaa kuwa kipimo cha kwanza cha mtu atakaye kuihukumu michezo ya kidijitali, au gemu kama vijana wenyewe waiitavyo. Maana katika mkoa wa Mara, kama penginepo, lawama juu ya michezo hiyo ni nyingi na uhakiki wake ni haba. Musoma, Bunda na Butiama, mzazi husema gemu imemharibu mwanawe akili. Mwalimu husema simu imemla mwanafunzi wake. Kijana naye hujibu kwamba wazee hawajui wasemalo. Watatu hawa hushindana juu ya kitu ambacho hakuna hata mmoja wao aliyekichungua kama kichunguzwavyo kitabu: kimetungwaje, kina mwanzo gani, na chaisha lini.

Butiama ni mahali pema pa kuanzia uchunguzi huo. Hapo ndipo alipozaliwa Mwalimu Julius Nyerere mwaka 1922, na hapo ndipo alipozikwa mwaka 1999. Mwalimu alijulikana kwa mapenzi yake ya bao. Na mtu huyo huyo ndiye aliyewapa wasomaji wa Kiswahili tamthilia ya Shakespeare iitwayo Juliasi Kaizari mwaka 1963, kisha Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Basi mchezo, kwa kuwa ni mchezo tu, si adui wa akili wala wa kitabu. Asemaye kwamba kila kijana achezaye anapoteza maisha yake, hana budi kueleza kwanza kwa nini bao halikumpoteza Mwalimu.

Jibu limo katika umbo la bao lenyewe. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Kila mchezaji huanza na kete 22 za akiba, ambazo huzinamua moja moja; zikisha, mchezo huingia katika mtaji; na yule ambaye safu yake ya mbele imebaki tupu, au aliyekosa njia ya kucheza, ameshindwa. Hapo watazamaji hucheka, mshindwa huinuka, na mwingine hukaa mahali pake. Mchezo huo una mambo matatu: una mwisho ujulikanao na wote, una mpinzani mwenye uso, ambaye hasira na furaha yake huonekana, na una baraza la watu wawezao kumwambia mtu kwamba zamu yake imekwisha.

Mtu aweza kudhani kwamba mashine imeyaondoa yote matatu. Lakini dhana hiyo haisimami mbele ya vibanda vya mijini, ambamo vijana hulipia mechi ya mpira kwenye PlayStation. Wawili hukaa bega kwa bega. Wengine husimama nyuma yao wakitania na kufundisha. Dakika za mechi zikitimia, aliyefungwa hutoa mkono wake na kumwachia mwenzake. Kibanda hicho chaweza kuwa na ubaya wake, hasa kwa mtoto aliyetoroka shule au aliyechukua fedha ya nyumbani bila ruhusa. Walakini kwa umbo lake ni jamaa ya bao, wala hakistahili kutiwa katika kapu moja na kitu kingine kinachofanana nacho kwa jina tu.

Kitu hicho kingine ni gemu ichezwayo katika simu, chini ya shuka, saa nane za usiku. Ndani yake kila hatua huzaa hatua nyingine. Zawadi hutolewa kwa namna isiyotabirika, ili mkono usichoke kujaribu; mchezaji asiyeingia kila siku hupoteza alichokusanya; na katika baadhi ya gemu hizo huuzwa makasha ambayo mnunuzi hajui kilichomo mpaka amekwisha kulipa. Ubelgiji iliamua mwaka 2018 kwamba makasha ya namna hii ni kamari. Tanzania nayo ina Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003, na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kucheza kamari. Lakini mtoto aliyezoea kufungua makasha ya bahati amekwisha kufunzwa adabu ya mkeka kabla hajafikia umri wa kubeti. Mtunzi wa gemu kama hiyo hakusahau kuipa mwisho. Ameukataa mwisho kwa makusudi, kwa kuwa faida yake imo katika kuendelea.

Hata hivyo mhakiki mwaminifu hatakuza jambo kupita kiasi chake. Shirika la Afya Duniani limeutambua ugonjwa wa kutawaliwa na gemu katika orodha yake ya magonjwa, ambayo ilianza kutumika tarehe 1 Januari 2022; lakini limeuwekea masharti mazito: mtu ashindwe kujizuia, autangulize mchezo mbele ya shughuli zake nyingine, na aendelee ijapokuwa madhara yameonekana, kwa kawaida kwa muda wa miezi 12 au zaidi. Utafiti wa Andrew Przybylski na wenzake, uliochapishwa mwaka 2017 juu ya watu wazima wa Uingereza, Marekani, Kanada na Ujerumani, ulikadiria kwamba wanaoweza kuhesabiwa kuwa na tatizo la namna hiyo ni kati ya 0.3 na 1.0 katika kila watu 100. Basi wachezaji walio wengi si wagonjwa. Na yule mmoja aliye mgonjwa si mvivu, wala fimbo si dawa yake.

Liko pia swali la kale kuliko simu. Kisorya, wilayani Bunda, vivuko huvuka kwenda Rugezi katika kisiwa cha Ukerewe, alikozaliwa Euphrase Kezilahabi mwaka 1944. Katika riwaya yake Kichwamaji, iliyotoka mwaka 1974, kijana msomi Kazimoto hukosa maana ya maisha, hujitenga na watu wake, na mwishowe hujiua. Hakuwa na gemu wala intaneti. Msomaji wa pwani hizi za ziwa hawezi, basi, kusema kwamba mashine ndiyo iliyoleta upweke wa vijana. Kijana aliyemaliza Kidato cha Nne, asiye na kazi wala shule ya kwenda, ana shimo ndani yake lililochimbwa na mambo mengi. Shimo lilikuwapo, biashara imelikuta, ikalifungulia duka.

Kwa sababu hii, kumnyang'anya kijana simu na kumwacha na shimo lake ni nusu ya kazi, tena nusu iliyo rahisi. Mzazi na mwalimu wangefanya vema kuuliza maswali matatu kabla ya kuhukumu: mchezo huu waisha lini, nani amekaa mbele ya mchezaji, na nani apataye faida asipoinuka? Vyuo navyo vina deni, maana vimewafunza wanafunzi kupima mwisho wa riwaya na tamthilia, lakini havijawafunza kupima kazi ambayo imekusudiwa isiishe.

Mcheza kwao hutunzwa, husema wahenga. Aliyefungwa bao ana baraza la kumcheka na kumrudisha nyumbani. Achezaye peke yake hata alfajiri hachezi kwao. Na kabla ya kumlaumu kwa kupotea, yawapasa watu wake kujiuliza ni nani aliyekuwa tayari kukaa naye.