Gurudumu Lililoegemezwa Ukutani

Bunduki ndizo zilizowekwa mbele, ndani ya kabati la kioo lenye taa yake. Ukizipita unakutana na matandiko ya farasi, cherehani, birika la kahawa lililobonyea, na picha za familia zisizocheka. Jumba lenyewe la makumbusho ni ukumbi mmoja, katika mji mdogo mashariki mwa Wyoming, Marekani, ambao ukipitiwa na usingizi garini hutauona. Kitu kilichonishika kilikuwa nyuma kabisa, karibu na mlango wa choo, kimeegemezwa ukutani: gurudumu la nyuma la gari la maksai. Halikuwa na maelezo yoyote, ila namba iliyoandikwa kwa rangi nyeupe.

Linanifika kifuani. Katikati kuna kitovu, gogo lililokerezwa likawa na umbo la pipa dogo. Kutoka kwenye kitovu zimetoka spoki 14, na spoki hizo zimeshikwa na vipande saba vya mbao vilivyochongwa upinde upinde, kila kimoja kikipokea spoki mbili. Juu ya vyote imevishwa pete moja ya chuma. Hakuna gundi. Spoki imeingia kitovuni kwa kugongwa tu, ulimi ndani ya tundu, na kazi yote ya kulishikilia gurudumu wameachiwa pete na fundi aliyeipima.

Fundi huyo alianza kazi miaka kabla ya gurudumu kuwepo. Kanuni ya zamani ni kuanika mbao mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene, kivulini, mahali penye upepo. Mti nao haukuchaguliwa kwa uzuri. Kwa kitovu alipenda elmi, maana nyuzi zake zimesokotana. Unaweza kuutoboa matundu 14 yaliyokaribiana na usipasuke. Kwa spoki alitaka mwaloni au hikori, na hakuupasua kwa msumeno. Alitumia kabari, mti ukafuata njia yake wenyewe, ili nyuzi ziende bila kukatika toka kitovuni hadi ukingoni. Msumeno hufuata mstari wa fundi hata nyuzi zikienda kombo, na spoki ya namna hiyo huvunjika siku ya kwanza ya mawe.

Nilichuchumaa nikalitazama kwa ubavu, ndipo nikaona kwamba halijanyooka. Limebonyea kama sahani, kitovu kikiwa ndani na ukingo ukijitokeza nje. Mtu asiyejua angedhani limepinda kwa uzee. Lakini maksai hutembea wakiyumba, na kila hatua mzigo hulalia upande huu, kisha ule. Gurudumu bapa lingegeuka kama mwavuli kwenye upepo. Hili likisukumwa kwa nje, spoki zake hujikita kwenye ukingo, ukingo nao hujikita kwenye pete, na pete haitoki. Tena ncha ya ekseli iliinamishwa chini kidogo, ili spoki iliyobeba uzito wakati huo iwe imesimama wima, kama nguzo ya nyumba. Sijui ni vizazi vingapi vya magari yaliyovunjika vilivyolipia maarifa hayo.

Halafu ikaja zamu ya mhunzi. Alikuwa na kijigurudumu chenye mpini, chenye alama ya chaki. Alikizungusha juu ya ukingo wa mbao akihesabu mizunguko, kisha akakipitisha juu ya upapi wa chuma kwa hesabu ileile, na hapo akakata chuma kifupi kuliko mbao. Kifupi kwa kiasi gani? Hilo ndilo lililokuwa siri ya mkono wake. Akizidisha, pete itavunja spoki. Akipunguza, itaanguka njiani. Pete ikaunganishwa, ikalazwa katika duara la moto. Chuma cha mita nne kikipata joto la nyuzi 500 hurefuka kwa sentimita mbili na nusu hivi, na nafasi hiyo ndiyo waliyokuwa wakiisubiri. Watu wawili au watatu waliibeba kwa koleo, wakaishusha juu ya gurudumu lililolazwa chini, wakaigonga kwa nyundo mbao zikiwaka moto, kisha wakamwaga maji upesi. Katika mvuke ule chuma kikajikunja na kila kiungo kikalia kikikazwa. Dakika chache tu. Ukizembea, ukingo umegeuka mkaa.

Kazi kama hiyo ilifanywa mashariki mwa Marekani, kwenye unyevu, na gari likapelekwa magharibi. Kati ya mwaka 1840 na mwaka 1860 watu karibu laki tatu walisafiri kwenda Oregon, California na Utah. Toka mto Missouri hadi Oregon ni kilomita kama 3,200. Hewa ya nyanda hizi ni kavu kiasi cha kupasua midomo. Mbao zikasinyaa, pete zikalegea. Aliyewahi kushika jembe anajua la kufanya mpini ukicheza: unaliloweka usiku, asubuhi unakwenda shamba. Wahamiaji nao waliyalaza magurudumu mitoni usiku, na wasipopata mto walipigilia vijikabari vya mbao kati ya pete na ukingo. Kwenye gurudumu hili nilivihesabu vitano, vimechongwa haraka haraka kwa kisu, na kimoja kina gome la mti bado. Hiyo si kazi ya fundi, ila naipenda nayo.

Gurudumu lilipima hata njia yenyewe. Mwaka 1847 William Clayton, karani katika msafara wa waumini wa Kimormoni, alichoshwa na makisio ya wenzake kuhusu umbali. Akapima gurudumu, akakuta mizunguko 360 inatimiza maili moja. Inasimuliwa kwamba alifunga kitambaa chekundu kwenye spoki, akatembea pembeni akihesabu. Siku moja ya Mei alifikisha 4,070. Baadaye mwenzake msafarini, Orson Pratt, akabuni mashine ya meno ya mbao, Appleton Harmon akaichonga, na kazi ya kuhesabu ikawa ya mashine. Mwaka 1848 Clayton akachapisha kitabu cha mwongozo wa njia, na umbali uliomo umetoka kwenye gurudumu la mbao.

Karibu na Guernsey, huku huku Wyoming, magari yalipita mahali pamoja mpaka mwamba laini ukachimbika kufika mita moja na nusu. Nchi ile ilikuwa na wenyewe, Walakota, Wacheyenne na Washoshoni, na wao chuma kilichoingia na magari walikifanyia ufundi wao: kwenye kabati la bunduki, chini kabisa, kuna ncha za mishale zilizokatwa kutoka kwenye pete za mapipa, zikanolewa vizuri mno.

Mzee anayejitolea kulinda jumba alikuja kuniambia wanafunga. Aliponiona bado nimechuchumaa, akachuchumaa pia, taratibu, akishika goti. Akasema wakati wa baridi mashine ya joto hukausha hewa kuliko hata nje, na hawana fedha za kuiongezea unyevu. Akaweka kidole gumba juu ya pete, akaisukuma. Ikacheza.