Ngozi "nzima", au asilimia 80?

Ile habari ya mtoto aliyeoteshewa ngozi Ujerumani uliisoma gazetini? Basi soma na ripoti yenyewe, jarida la Nature, 2017. Mtoto wa miaka 7, mwenye epidemolisisi bulosa: jeni yake ya LAMB3 ina kasoro, ngozi ya juu haishikamani na ya chini. Inatoka malengelenge, inabanduka, bakteria wanaingia. Timu ya Michele De Luca, Italia, ilichukua kipande kidogo cha ngozi yake, ikatia jeni isiyo na kasoro kwa kutumia virusi, ikaotesha, kisha madaktari wa Bochum wakabandika.

Kichwa cha ripoti kinadai ngozi ya juu "yote". Jamani, walibandika kama asilimia 80! Tena mgonjwa mmoja tu.

Utamu uko kwingine, na magazeti mengi yaliuruka. Virusi hujipachika mahali tofauti katika kila seli, kwa hiyo kila ukoo wa seli una alama yake. Wakazifuata alama hizo miezi kadhaa, wakaona ngozi inadumishwa na seli shina chache tu, nyingine zinapotea. Kwa hiyo ukisikia wamebandika ngozi mahali pengine, usiulize upana kwanza. Uliza seli hizo zimo ngapi.