Steringi Hafi: Suala la Sehemu ya Pili katika Filamu za Kariakoo

Miongoni mwa watazamaji wa filamu jijini Dar es Salaam kuna kanuni moja ambayo hata mtoto anaijua: steringi hafi. Neno lenyewe limetoholewa kutoka Kiingereza na sasa limekwisha kupata uraia. Steringi ni mhusika mkuu, yule ambaye hadhira imekubali kumfuata. Anayepambana naye huitwa adui, awe na haki au asiwe nayo. Kanuni hii huchukuliwa kuwa masihara ya vijana wa vibanda vya video. Makala haya yanaipa uzito zaidi, kwa kuwa ndani yake mna nadharia nzima ya mwendelezo: kama steringi hafi, hadithi haina sababu ya kwisha, na anayeiuza hana sababu ya kuacha kuiuza. Swali la iwapo sehemu ya pili, ya tatu au ya tano ya filamu pendwa inafaa kutazamwa ni swali la fani kabla ya kuwa swali la ladha.

Uhakiki wetu umelikwepa swali hilo kwa njia iliyozoeleka. Kazi inayouzwa sana huwekwa kwenye fungu la fasihi pendwa, kisha fungu zima hutolewa hukumu moja. Mwendelezo wa filamu hupata hukumu hiyo mara mbili, kwanza kwa kuwa pendwa, pili kwa kuwa marudio. Lakini mtu anayetoa fedha yake dukani hanunui fungu. Ananunua filamu moja, na anataka kujua kama hiyo ina kitu. Mhakiki asiyeweza kumjibu mnunuzi huyo hana budi kueleza kazi yake ni ipi.

Uwanja wa Mnazi Mmoja uliachwa wazi na wapangaji wa mji wa kikoloni ili utenganishe Uhindini na Kariakoo. Historia ya filamu jijini imepita juu ya mpaka huohuo. Majumba ya sinema, Empire, Avalon, Odeon, Cameo na mengineyo, yalikuwa upande wa mjini, na mkazi wa Kariakoo aliyetaka kumwona Raj Kapoor au Bruce Lee aliuvuka uwanja akaenda kupanga foleni. Laura Fair (2018) ameonyesha kwa kina jinsi kwenda sinema kulivyokuwa tukio la mji mzima katika miji ya Tanzania. Video ilipoenea kuanzia miaka ya 1980, mwelekeo uligeuka. Filamu ndiyo iliyovuka uwanja kuelekea magharibi, ikaingia vibandani, kisha madukani Kariakoo, na katika miaka ya 2000 hapo ndipo palipokuwa makao ya biashara ya filamu za Kitanzania. Pamoja na mengine, kuhama huku kulibadili maana ya sehemu ya pili. Katika jumba la sinema, filamu na mwendelezo wake zilitenganishwa na miaka. Mtazamaji alikuwa amekua kidogo baina ya moja na nyingine. Kibandani, ya pili iliweza kuonyeshwa asubuhi na ya kwanza jioni, kutegemea kanda iliyopatikana.

Rambo ni mfano mzuri. Filamu ya kwanza, First Blood (1982), inakwisha kwa askari aliyevunjwa na vita akilia mbele ya kamanda wake wa zamani. Katika riwaya ya David Morrell (1972) iliyoizaa filamu hiyo, mhusika huyu anakufa. Watengenezaji walipiga hata picha za mwisho ambamo anakufa, kisha wakaziacha. Steringi akabaki hai, na kwa kuwa alibaki hai akapelekwa Vietnam mwaka 1985 na Afghanistan mwaka 1988. Anayezitazama tatu hizi kwa mfuatano wake huona maudhui yakiyeyuka: mtu aliyekuwa shahidi dhidi ya vita katika ya kwanza amekuwa bango la vita katika ya tatu. Kila sehemu inahitaji tusahau iliyotangulia, ingawa inaliuza jina lake. Hapa jibu langu kwa mnunuzi ni jepesi: atazame ya kwanza, aachane na zinazofuata, isipokuwa kama anatafuta milipuko, na milipuko ipo ya kutosha. Nalo jina, baada ya kumwagwa maana kiasi hicho, liliweza kubeba chochote. Kariakoo lilibeba nyanya na vitunguu: mifuko ya plastiki yenye picha ya Rambo iliitwa rambo, na jina likahamia kwa mifuko yote ya aina hiyo, yenye picha na isiyo na picha, hadi ilipopigwa marufuku Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019. Mwanaisimu anayetafuta mfano wa jina la pekee kugeuka nomino ya kawaida hana haja ya kwenda mbali.

Hata hivyo hukumu hiyo inamhusu mtazamaji aliye peke yake na filamu. Kibandani hakuwa peke yake. Kulikuwa na mtafsiri, na maarufu kuliko wote ni Derek Gaspar Mukandala, yaani Lufufu, ambaye sauti yake ilianza kusikika papo kwa papo mbele ya hadhira na baadaye ikarekodiwa juu ya kanda zilizouzwa. Englert (2010) na Krings (2015) wameandika juu ya kazi hii, na wote wawili wanatusaidia kuona kwamba kuiita tafsiri ni kuipunja. Mtafsiri huyu hufafanua, hukejeli, huonya, humtambulisha mhusika kabla hajajitambulisha, na hujaza pale ambapo filamu imenyamaza. Kwa istilahi zetu, ni fanani. Krings anamweka kwenye historia ya uigaji na utohoaji wa filamu za kigeni. Mimi ningependa kumweka pia kwenye historia ya mwendelezo. Mtazamaji aliyeikosa sehemu ya kwanza hakuwa na hasara kubwa, kwa sababu Lufufu alimpa yaliyopita kwa sentensi mbili tatu. La muhimu zaidi, filamu zisizohusiana hata kidogo, moja ya Hong Kong na nyingine ya Hollywood, zilipata undugu kwa kusimuliwa na kinywa kimoja. Watu walikwenda kumsikiliza Lufufu kama walivyokwenda kumsikiliza bibi aliyejua ngano nyingi, na hakuna aliyelalamika kwamba bibi anarudia. Nchini Kenya DJ Afro amejenga hadhira yake kwa namna inayofanana. Kwa hiyo, pale ambapo mfululizo wa asili ulikuwa umepoteza maana yake, vibanda viliunda mfululizo mwingine ambao steringi wake hakuonekana kwenye picha. Rambo ya tatu iliyosimuliwa vizuri ilikuwa ni kazi nyingine.

Filamu za Kitanzania zenyewe zinaleta jambo tofauti, na hapa ndipo msamiati wetu unapotuangusha. Tunatumia maneno “sehemu ya pili” kwa vitu viwili ambavyo havina budi kutenganishwa. Kuna mwendelezo, yaani hadithi mpya inayotokana na hadithi iliyokwisha. Na kuna kile ambacho nitakiita kipande, yaani nusu ya hadithi ambayo haikukwisha kwa kuwa ilikatwa. Filamu nyingi zilizosambazwa kutoka Kariakoo katika muongo wa kwanza wa karne hii na miaka iliyofuata zilitoka katika vipande viwili vilivyouzwa mbalimbali. Watu wengi, wakiwemo wanazuoni, hulieleza hili kwa neno moja: tamaa. Tamaa ilikuwepo, lakini haielezi kila kitu. Diski ya VCD hubeba takriban dakika 74 hadi 80 za picha. Filamu ya saa mbili haiingii. Aidha, mfano uliokuwa mbele ya macho ya watengenezaji ulikuwa ni filamu za Nigeria, ambazo tayari zilikuwa zikija kwa sehemu. Tena mtengenezaji mara nyingi alimuuzia msambazaji haki zote kwa mkupuo mmoja, hivyo hakuwa na pato la kungojea baadaye. Alichoweza kuongeza ni idadi ya vitu vya kuuza.

Sababu hizo zinaeleza kwa nini filamu ilikatwa. Hazieleziki kama udhuru wa ilivyokatwa. DVD ilipoingia, kikwazo cha ujazo kiliondoka, lakini mgawanyo ulibaki, na madhara yake kwa ploti yanajulikana na kila aliyezitazama filamu hizi. Gari linafika getini, linapiga honi, mlinzi anafungua, gari linaingia, linaegeshwa, mhusika anashuka, anafunga mlango, anatembea hadi sebuleni, anakaribishwa kinywaji. Ndipo aseme neno moja lililomleta. Simu inapigwa na tunasikilizishwa salamu zote. Dakika hizi hazikuwekwa ili kutuonyesha maisha ya tabaka la juu, kama ilivyowahi kudaiwa kwa huruma. Zimewekwa ili nusu ifike urefu wa nzima. Kisha, katikati ya ugomvi, picha inaganda na mnunuzi anaelekezwa arudi dukani.

Zipo hoja za kuitetea desturi hii, na iliyo nzito ni ile inayoilinganisha na hadithi za magazetini. Wasomaji wa magazeti ya Eric Shigongo walisubiri juma zima baada ya neno “itaendelea”, na katika kusubiri huko walibishana, wakabashiri, wakaitunga hadithi upya vibarazani. Kungoja ni sehemu ya fani ya masimulizi ya mfululizo. Nakubali. Lakini vipande viwili vya filamu mara nyingi vilitoka pamoja au kwa kupishana muda mfupi, vikapangwa rafu moja. Kilichotenganisha mwanzo na mwisho hakikuwa muda wa kufikiri bali uwezo wa mfuko. Mwenye fedha aliipata hadithi nzima. Asiye nazo alibaki na maswali. Hiyo si taharuki.

Kwamba filamu inaweza kukatwa na bado ikawa na sehemu mbili za haki, Wanigeria walituonyesha mapema. Living in Bondage (1992), iliyoongozwa na Chris Obi Rapu, inamhusu Andy Okeke anayemtoa mkewe kafara ili apate utajiri. Sehemu ya kwanza inapokwisha, mali imekuja na mzimu wa mke umekwisha kuanza kumwandama. Ya pili (1993) ni ya wazimu na toba. Mkato umewekwa kwenye bawaba ya hadithi: upande mmoja kosa, upande mwingine malipo. Aliyetazama ya kwanza peke yake ametazama tamthilia kamili ya tamaa. Aliyeendelea amelipwa kwa kuendelea. Mtu anaweza kuuona mwisho wake wa kanisani kuwa mwepesi mno, kama ninavyouona mimi, na bado akakiri kwamba hakuibiwa.

Fasihi ya Kiswahili ilikuwa imelitatua tatizo hili kabla ya video. Riwaya za Muhammed Said Abdulla zinazomhusu Bwana Msa, kuanzia Mzimu wa Watu wa Kale (1960) hadi Kosa la Bwana Msa (1984), hazidaiani. Kila moja inafungua fumbo lake na kulifunga. Kinachoendelea ni mtu na kiko chake, pamoja na raha ya kumwona akifikiri. Msomaji huanzia popote. Na baada ya miaka 24 mwandishi anatoa kitabu ambacho jina lake tu linaitia shaka sifa iliyoubeba mfululizo mzima, sifa ya kutokosea. Sijaona filamu yoyote ya vipande iliyothubutu hivyo. Elvis Musiba alikwenda njia nyingine. Willy Gamba wa Kufa na Kupona (1974), Kikosi cha Kisasi (1979) na Njama (1981) amelinganishwa mno na James Bond, kiasi kwamba tofauti yao kuu imesahauliwa. Adui wa Bond hubuniwa upya kila mara. Adui wa Gamba, yaani utawala wa makaburu na mawakala wake, alikuwa hai nje ya kitabu. Hadithi haikuweza kwisha kwa sababu ukombozi wa kusini mwa Afrika ulikuwa haujakamilika. Mwendelezo wake ulikuwa na deni la kweli, si la dukani.

Deni ndilo kigezo ninachokipendekeza. Je, sehemu iliyotangulia imeacha jambo ambalo haki ya hadithi inataka lilipwe, na je, hii mpya inalilipa au inakopa tena? Kigezo hiki hakipimi bajeti wala ubora wa kamera, na kwa hiyo hakimwonei mtengenezaji wa Kitanzania. Kinaweza kutumiwa kwa Rambo na kwa filamu iliyopigwa Sinza kwa juma moja.

Linabaki suala la steringi mwenyewe. Steven Kanumba alifariki tarehe 7 Aprili 2012 akiwa na miaka 28. Filamu zake hazikuwa mfululizo kwa wahusika. Mfululizo ulikuwa uso wake, kama sauti ya Lufufu ilivyokuwa mfululizo wa vibandani. Soko lililozoea kuuza sehemu ya pili ya kila kitu liligundua kwamba hiki hakina. Mwaka mmoja kabla, alikuwa amecheza na Ramsey Nouah wa Nigeria katika Devil Kingdom. Nouah huyo ndiye aliyekuja kuongoza Living in Bondage: Breaking Free (2019), ambamo Nnamdi, mwana wa Andy, anaingia kwenye njia ileile ya baba yake. Deni limerithiwa, na miaka 27 iliyopita tangu sehemu ya kwanza ni sehemu ya riba. Mtazamaji wa Kariakoo aliyezipata mbili za mwanzo kwenye kanda za VHS huenda ameitazama hii kwenye simu, na mtoto wa rika la Nnamdi akiwa pembeni. Mtoto atauliza huyu Andy ni nani, na mzazi atalazimika kuifanya kazi ya Lufufu.