Hajiri Hakuwa Somo

Philo, Myahudi wa Alexandria kule Misri katika karne ya kwanza, alisoma hadithi ya Hajiri akaona silabasi. Sitanii. Kwenye kitabu chake kuhusu Mwanzo sura ya 16, Sara ni hekima, na Hajiri, mjakazi wake, ni masomo ya shule: sarufi, jiometri, muziki. Akili ya Abrahamu bado changa, haiwezi kuzaa na hekima. Kwa hivyo Sara anamwambia aanze na mjakazi.

Wazo hilo lina mizizi kwa Wagiriki. Wao walisema anayekwama kwenye masomo ya kawaida bila kufika kwenye falsafa ni kama wale wanaume waliomtaka Penelope, mke wa Odysseus, wakamkosa, wakaishia kwa wajakazi wake. Philo, aliyesoma Torati kwa Kigiriki, aliuhamishia mfano huo kwa kina Abrahamu, kisha akaongeza ghorofa moja: kwake hata falsafa ni mjakazi tu. Bibi wa nyumba ni hekima.

Kwa hivyo sikubali ati Wagiriki walimmeza. Wayahudi wenzake waliposema kwamba ukishajua maana ya ndani ya sabato na tohara unaweza kuacha kuzishika, alikataa. Mwili ni nyumba ya roho, alijibu, na nyumba hutunzwa. Alikopa akijua mpaka uko wapi.

Isitoshe, anajitaja. Anasema yeye pia alipitia sarufi, jiometri na muziki, na faida yote akaipeleka kwa falsafa. Mimi niliacha chuo kabla ya kumaliza, kwa hivyo hapo nilitega sikio. Philo hadharau shule, lakini pia haiabudu, na anawasikitikia waliozeeka mikononi mwa mjakazi. Huku kwetu tumefunga ndoa na karatasi kabisa.

Lakini Hajiri mwenyewe yuko wapi?

Kwenye Mwanzo ni mtu. Ni mtumwa, Mmisri, anatolewa kwa mume wa bibi yake bila kuulizwa. Anashika mimba, anateswa, anatorokea jangwani, na huko anampa Mungu jina. Kwa Philo, mateso yale yanageuka kuwa nidhamu: hekima inairudi elimu ya chini. Mwishoni anatuonya tusidhani hapa kuna wivu wa wanawake. Hawa si wanawake, anasema, ni akili. Yaani kipigo kimekuwa somo, na aliyepigwa ametoweka.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Philo anasema jina Hajiri maana yake ni kukaa ugenini. Sasa, mwaka 38, Flaccus, gavana wa Kirumi wa Misri, alitangaza kwamba Wayahudi wa Alexandria ni wageni, watu wa kuja. Nyumba zao ziliporwa, watu wakachomwa moto. Philo aliongoza ujumbe hadi Roma kwa Kaisari Gaius, na akaandika kuhusu siku hizo. Soma maandishi hayo uone: nyumba ni nyumba, moto ni moto, aliyekufa ni mtu aliyekufa. Mgeni alipokuwa ndugu yake, hakumgeuza kuwa jiometri. Kumbe alijua kuacha maumivu yabaki maumivu.

Ndiyo maana nasema udhaifu wa kitabu hiki hautoki Ugiriki. Plato hakumlazimisha Philo kumfuta mjakazi. Kila mwenye kusoma huchagua ni nani atabaki na mwili na nani atageuzwa mfano, na mara nyingi anayegeuzwa ni yule asiye na mtu wa kumtetea.

Mahujaji Makka bado huenda mara 7 kati ya Safa na Marwa, wakimkumbuka Hajiri huyo huyo akihangaika kumtafutia mwanawe maji. Hawo wamemsoma kwa miguu. Philo msome, tena polepole, ana mengi ya kukupa. Ila akikwambia huyu si mwanamke, mbishie.