Bega jeusi lilikuwa na kosa gani?

Kikundi cha wafugaji cha Kibakwe kimeshapata fahali wake, na si yule niliyemtaka. Mliokuwa zizini mliona. Ndama madume wanne wa aina ya Mpwapwa, wote wameshaachishwa kunyonya, wakapangwa mstari. Wa pili akatolewa kwa sababu bega lake limeanza kukolea weusi. "Huyu ana mchanganyiko," alisema mwenye kalamu. Hapakuwa na mjadala. Burdizo, koleo la kuhasia, ikaletwa, na yule mwekundu asiye na doa akapewa ufahali.

Kifua walipima kwa utepe, kwato na makende wakakagua vizuri. Hapo sina neno.

Lakini mchanganyiko! Ng'ombe wa Mpwapwa, aina iliyotambuliwa mwaka 1958 baada ya miaka mingi ya kazi kituoni Mpwapwa, ni mchanganyiko toka kwato hadi pembe. Zaidi ya nusu ya damu yake ni ya Red Sindhi na Sahiwal, halafu kuna zebu wetu wa pembe fupi, Boran, na tone la Ulaya. Sasa tuulize dume la Red Sindhi likikomaa hufananaje. Mwili mwekundu uliokolea, mabega na mapaja yanakaribia weusi. Yaani ndama alihukumiwa kwa kufanana na babu zake.

Kosa lenyewe linaanzia kwenye umri. Zebu wengi huzaliwa wekundu, na rangi ile si ya kudumu. Manyoya ya utoto yakipukutika, mwingine hubaki vilevile, mwingine hugeuka kijivu, mwingine hukolea kuanzia shingoni. Kwa hiyo ndama mwekundu humtazami ubavuni, ambako kila mtu anatazama. Tazama ncha ya mkia: je, singa ni nyeusi? Tazama pua. Pua nyeusi, mkia mweusi na ubavu mwekundu, kwa dume, maana yake subiri, bega litafuata. Yule wa pili alikuwa na pua nyeusi na mkia mweusi, na waliokuwa karibu waliviona wazi.

Tena weusi huo unaendana na homoni za kiume. Kule Indonesia, dume la ng'ombe wa Bali huzaliwa jekundu, likipevuka huwa jeusi, na likihasiwa hurudia wekundu baada ya miezi michache. Wetu si Bali, lakini maksai wa Kibakwe akianza kufifia begani, msije mkasema ni dawa ya josho.

Na manyoya yenyewe nani aliyagusa? Hili nimelisema mpaka nimechosha watu. Jan Bonsma wa Afrika Kusini, aliyeanza mwaka 1937 kwenye kituo cha Mara kazi iliyotupatia Bonsmara, alikuwa akichukua manyoya ya ng'ombe, anayalowanisha, anayasugua viganjani. Yakishikamana kama sufu, ng'ombe huyo ana koti la baridi na jua litamtesa. Yakiteleza na kuachana, ndiye wa nchi ya joto. Haihitaji mashine wala umeme. Wazee wa hapa hawakuhitaji hata maji: walipitisha kiganja mgongoni, kinyume na manyoya, wakajua. Leo tuna picha za simu.

Kibakwe ndiko hasa kiganja kinahitajika, maana baridi ya Juni na Julai ikishuka toka milima ya Rubeho hata ndama mwenye manyoya laini hupandisha koti. Kuamua kwa macho msimu ule ni kubahatisha. Ungengoja Oktoba, joto lichague lenyewe. Yule mshindi, mimi nilimgusa shingoni wakati wengine wanapiga makofi: manyoya marefu, yamejikunja, yanashika vidole.

Kuna pia daftari. Hereni za masikioni zinatuambia ng'ombe ni wa nani, hazituambii mama yake alijaza ndoo au kikombe, na fahali wa Mpwapwa huchaguliwa pia kwa maziwa ya mama. Daftari la kikundi lilikuwepo, kwenye mfuko wa plastiki, juu ya uzio. Halikufunguliwa hadi burdizo iliporudishwa kwenye boksi, na lilifunguliwa ili iandikwe rangi.